Kocha mpya wa laini: jinsi ya kujua kama kazi yake inaonekana

Timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ikibadilisha kocha mkuu kila mtu anajua. Ikibadilisha kocha wa laini ya ushambuliaji, yaani yule anayewanoa wale watu watano wakubwa wanaosimama mbele ya kwotabeki (mrushaji wa mpira anayeongoza mashambulizi) na kumlinda, habari inapita siku moja tu watu wanaendelea na mambo yao, afu msimu ukianza kila mmoja anataka kujua huyu jamaa anaweza au hawezi, na jibu linatafutwa sehemu mbili: timu imeshinda? kwotabeki kaangushwa mara ngapi? Hayo majibu yote mawili yanachelewa na mara nyingi yanadanganya. Kazi ya kocha wa laini inaonekana mapema zaidi, kwenye miguu, kwenye mikono, na jinsi wawili waliosimama jirani wanavyoelewana, na yeyote mwenye simu na bando anaweza kuiona akijua aangalie wapi. Kiukweli hii ndo sehemu ya futiboli ya Kimarekani ninayoipenda kuliko zote kwa hiyo nitaenda kwa urefu. Mifano mingi naitoa Chuo Kikuu cha Notre Dame, kwa sababu kati ya 2021 na 2023 laini yao ilipitia kwa makocha watatu, Jeff Quinn, kisha Harry Hiestand, kisha Joe Rudolph, na ukifuatilia hao watatu unajifunza karibu kila kitu.

Anza na alichokikuta

Kabla hujamhukumu mtu chukua karatasi. Andika watano walioanza msimu uliopita: tekeli wa kushoto, gadi wa kushoto, senta, gadi wa kulia, tekeli wa kulia (senta yuko katikati na ndiye anayeutoa mpira, magadi ni jirani zake, matekeli wako pembeni). Kila jina weka yuko mwaka wa ngapi chuoni na kama anarudi. Hapo tayari umejua nusu ya habari, maana mtu wa laini haivi kwa miezi sita. Anakuja na miaka 18, mwili bado wa kidato cha mwisho, anatakiwa afike kilo 136 hivi na bado akimbie, na hapo hujagusa ufundi.

Hiestand alikuwa Notre Dame tangu 2012 hadi 2017. Mwaka wake wa mwisho wa awamu ile laini yake ikabeba Tuzo ya Joe Moore, ambayo hapewi mchezaji mmoja bali laini nzima, na kwenye drafti ya 2018 (siku timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu) gadi Quenton Nelson akaenda namba 6 na tekeli Mike McGlinchey namba 9. Ukiona vile unasema kocha huyu ni hatari, na ni kweli, ila McGlinchey aliingia chuoni 2013 na Nelson 2014. Ile ni kazi ya miaka, mtu mmoja akifundisha kitu kilekile kila asubuhi.

Upande mwingine kuna Michigan. 2020 walimaliza na ushindi mara 2 na kufungwa 4. 2021 Sherrone Moore, aliyekuwa anafundisha mataiti endi (wanaosimama pembeni ya laini, wanakaba na kupokea pasi) palepale, akapewa laini, na mwaka huohuo wakachukua tuzo ileile, mwaka uliofuata wakaichukua tena. Novemba 2021 wakamfunga Ohio State 42-27, mkimbiaji Hassan Haskins akifunga tachidauni 5 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), zote kwa kukimbia kwenye njia ambazo laini ilikuwa inazifungua. Kocha mpya, matokeo ya haraka. Lakini vijana wengi wa laini ile walikuwa tayari wameshakaa kwenye programu, miili imeshajengeka, walihitaji mtu wa kuwaunganisha. Kwa hiyo ile karatasi yako ndo inakwambia umdai kocha mpya nini: akikuta wanne waliokomaa una haki ya kudai mwaka wa kwanza, akikuta watoto mdai maendeleo tu, ushindi utakuja.

Kitu kingine cha kuuliza mapema, anafundisha mtindo gani. Kuna makocha wa zoni, ambapo wote watano wanapiga hatua upande mmoja na kila mtu anakaba eneo lake, na kuna makocha wa gepu, ambapo mmoja anamsukuma mtu kwa ubavu halafu gadi wa upande wa pili anatoka nyuma ya wenzake anakimbia kuongoza njia. Timu nyingi zinachanganya vyote viwili ila kila kocha ana kile anachokiamini. Kama kocha mpya anahama kutoka kimoja kwenda kingine, basi vijana waliosajiliwa kwa wepesi wanaambiwa wawe wa kusukuma, au kinyume chake, na hapo mpe muda zaidi. Ana mazoezi 15 tu ya masika na kambi ya Agosti kabla ya mechi ya kwanza, sio mengi.

Jipange kuangalia

Kwa tulioko Afrika Mashariki masaa yenyewe ni mtihani. Mechi ya saa sita mchana kwa saa za New York kwetu ni saa moja jioni, safi kabisa. Ya saa tisa na nusu alasiri kwao ni saa nne na nusu usiku kwetu. Ile kubwa ya saa moja na nusu usiku kwao inaangukia saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, na wakisharudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba ongeza saa nzima juu ya hapo. Ushauri wangu, kama nia ni kuisoma laini usikeshe, tafuta mechi nzima iliyorekodiwa uangalie mchana ukiwa na akili timamu. Zile video fupi za dakika kumi hazikusaidii kitu, zinakata kila mchezo (jaribio moja la kusogeza mpira) ambao haukuishia kwa jambo kubwa, na laini inaishi kwenye hiyo michezo midogo.

Ukianza, acha kuufuata mpira. Hili ni gumu kuliko linavyosikika maana jicho lenyewe linakimbilia kwenye mpira, ndo maana mi naona uchague mtu mmoja kwa kila draivu (zamu moja ya timu kushambulia), draivu hii tekeli wa kushoto, inayofuata senta, hivyo hivyo. Angalia mchezo mara ya kwanza kawaida ujue kilichotokea, rudisha nyuma, angalia tena mtu wako peke yake. Marudio ya runinga yanayopigwa kutoka nyuma ya goli ni dhahabu, yakitokea simamisha kila kitu.

Miguu kwanza, mikono baadaye

Mpira ukitoka kwa senta, hiyo snapu, tazama hatua ya kwanza tu ya kila mmoja. Kwenye mchezo wa kukimbia laini iliyofundishwa vizuri inaondoka pamoja, miguu mitano inanyanyuka kwa wakati mmoja, na hatua ya kwanza ni fupi. Mtu akipiga hatua ndefu ya kwanza mguu mmoja uko hewani wakati anagongwa, na mtu wa kilo 136 akigongwa akiwa kwenye mguu mmoja anarudi nyuma hata awe na nguvu vipi. Makocha wazuri wanakufa na hiki kitu. Kama mechi ya tatu bado unaona hatua ndefu ya kwanza kwa watu watatu tofauti, tatizo limeshakuwa la darasa zima.

Kwenye pasi tekeli anarudi nyuma kwa kuteleza, mguu wa nje unatangulia wa ndani unafuata, na miguu haitakiwi kukutana wala kupishana. Ikipishana tu yule endi, mlinzi wa pembeni anayemkimbilia kwotabeki, anageuka ndani na kazi imeisha. Angalia pia anarudi kwa pembe gani: wengine wanafundishwa kurudi moja kwa moja nyuma, wengine kwenda pembeni kumkuta mtu mapema, wengine kumrukia palepale kwenye mstari mpira unapoanzia. Kocha mzuri anawapa zote tatu na unaona tekeli anazibadilisha ili endi asimzoee, na ukiona kijana wa mwaka wa pili anabadilisha hivyo mwezi wa tisa, hapo kuna mtu anafundisha.

Mikono, inatakiwa ifike kifuani kwa mpinzani, ndani ya mabega, dole gumba juu. Ikifika nje ya mabega refa anaona jezi inavutwa na kitambaa cha njano kinaruka, yaani adhabu. Alafu kuna kitu kidogo wengi hawakijui, angalia ule mkono uliogusa nyasi kabla ya snapu. Kama vidole vimebonyea mpaka kucha zimekuwa nyeupe, uzito wote uko mbele, anakwenda kusukuma, mchezo ni wa kukimbia. Kama mkono umegusa tu kwa wepesi anajiandaa kurudi nyuma, ni pasi. Wapinzani wanalisoma hilo kwenye video wiki nzima. Kocha mpya akiingia ni moja ya vitu vya kwanza vya kusafisha, kwa hiyo linganisha mechi ya msimu uliopita na ya msimu huu, mchezaji yuleyule, mkono uleule.

Wawili wanavyopeana mtu

Hapa ndo penyewe. Ukiwa na muda wa kuangalia kitu kimoja tu kwenye laini mpya, angalia hiki.

Ulinzi wa siku hizi hauji moja kwa moja. Endi anakata ndani kwa nguvu anamvamia gadi, na yule mlinzi wa katikati anazunguka nyuma yake anatokea nje. Nia ni kuwavuruga gadi na tekeli. Laini isiyoelewana, tekeli anamfuata mtu wake ndani, gadi naye bado anamshika huyohuyo, wawili wanabaki na mtu mmoja, na yule aliyezunguka anamfikia kwotabeki bila kuguswa. Laini inayoelewana, tekeli anamsindikiza endi kidogo, anamsukuma kiunoni kwa mkono mmoja kuelekea kwa gadi huku macho yake tayari yameshahama kumtafuta anayezunguka, gadi anampokea yule, tekeli anamkuta yule anayezunguka njiani, mambo yamekwisha. Yote hayo ndani ya sekunde moja na nusu na hakuna muda wa kuongea. Ni kama mabeki wanne wakiweka mtego wa kuotea, watatu wakipanda na mmoja akachelewa nusu hatua wote wanaonekana wajinga, na kosa utamlaumu yule uliyemuona mwisho badala ya yule aliyechelewa. Kwa hiyo kwotabeki akiangushwa rudisha nyuma uangalie nani alikuwa na nani kabla hujasema tekeli hafai.

Kwenye kukimbia ni vilevile. Senta na gadi wanaanza pamoja juu ya mlinzi mmoja mkubwa, nyonga zimegusana, bega kwa bega, wanamrudisha. Mbele yao kuna lainbeka, mlinzi wa safu ya pili, anasubiri. Mmoja wao anatakiwa aachie aende kumkaba lainbeka, na swali ni lini. Akiachia mapema yule mkubwa anapasua katikati anamkamata mkimbiaji nyuma ya mstari. Akichelewa lainbeka anakuja anamaliza kazi kwenye yadi ya pili. Muda sahihi ni pale lainbeka anapojitoa upande mmoja, na anayeachia ni yule wa upande huo, kwa hiyo wote wawili wanamsukuma mtu mmoja huku macho yao yako kwa mtu mwingine. Hili halifundishiki ubaoni. Linakuja kwa marudio ya watu wawili walewale wakisimama jirani wiki baada ya wiki, na ndo maana laini yenye majeruhi inaporomoka hata kama walioingia ni wazuri.

Mtihani wa mwisho wa maelewano ni ugenini kwenye kelele. Kwotabeki hasikiki, kwa hiyo utaona gadi anageuza kichwa nyuma kumtazama, kwotabeki ananyanyua mguu, gadi anamgusa senta, senta anahesabu kimyakimya, snapu. Tekeli wako mbali hawasikii chochote, wanauangalia mpira kwa pembe ya jicho huku mtu wa hatari kaelekezwa kwao. Tekeli akichelewa kuondoka ugenini na nyumbani hachelewi, usimlaumu kwa ubovu wa miguu, ni mfumo haujakaa.

Namba, lakini kwa uangalifu

Kuna jambo moja linawachanganya wengi na nashangaa halisemwi zaidi. Kwenye takwimu za vyuo, kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari zile yadi zinatolewa kwenye jumla ya yadi za kukimbia. NFL hawafanyi hivyo. Sasa tuchukue mfano, umeona timu imekimbia mara 35 kwa yadi 120, unasema wastani 3.4, laini mbovu. Ukichunguza unakuta 4 kati ya hizo ni kuangushwa, jumla yadi 28 zimepotea. Ziondoe: wamekimbia kweli mara 31 kwa yadi 148, wastani karibu 4.8. Laini ya 3.4 na laini ya 4.8 ni dunia mbili. Fanya hiyo hesabu kila mechi, inachukua dakika mbili.

Kuangushwa kwenyewe, weka saa. Kwotabeki akikaa na mpira zaidi ya sekunde 3 hilo ni lake au ni la wapokeaji ambao hawajafunguka, laini imeshafanya yake. Bora uhesabu presha, yaani mara ngapi amelazimika kusogea au kutupa haraka, kuliko kuangushwa tu. Na ongeza hii: yadi 1 inatakiwa, dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kupata yadi 10), kila mtu uwanjani anajua wanakimbia, je wanaipata? Hakuna namba inayomweleza kocha wa laini vizuri kama hiyo.

Adhabu nazo zina lugha yake. Kuanza mapema, yadi 5, mara nyingi ni umakini au mawasiliano. Kushika, yadi 10, mara nyingi ni miguu iliyochelewa, mikono inashika kwa sababu mwili haujafika. Ile ya mtu wa laini kuvuka zaidi ya yadi 3 mbele kabla pasi haijatoka, hapo usimbane kocha wa laini peke yake, mara nyingi kwotabeki ndo kachelewa kutupa.

Lini utoe hukumu

Sio mechi ya kwanza, wala ya pili. Rudi Notre Dame 2022. Hiestand amerudi baada ya miaka minne, watu wanakumbuka akina Nelson, matarajio yako juu sana. Mechi ya kwanza, ugenini Columbus, wanafungwa na Ohio State 21-10 wakikimbia yadi 76 tu, na siku hiyo Jarrett Patterson, mzoefu wao kuliko wote ambaye alikuwa amehamishwa kutoka senta kwenda gadi, hakucheza kwa jeraha la mguu. Wiki inayofuata nyumbani wanafungwa na Marshall 26-21. Kama ungeandika hukumu usiku ule ungeandika kwamba kocha ameisha. Novemba 5 Clemson wakaja South Bend, nyumbani kwa Notre Dame, hawajafungwa mechi hata moja msimu ule, Notre Dame wakawakimbilia yadi 263 na kushinda 35-14. Kocha yuleyule, na miezi miwili tu imepita. Nenda kaangalie mechi ya Marshall na ya Clemson moja baada ya nyingine, simama kwenye zile kazi za watu wawili nilizosema juu, utaona tofauti bila mtu kukuelekeza.

Kwa hiyo mi nasema mechi ya sita au ya saba ndo weka maoni yako, na usiulize kama laini ni nzuri, uliza kama makosa ya mwezi wa tisa yamepungua. Makosa mapya sio tatizo kubwa. Kosa lilelile, kwa mtu yuleyule, dhidi ya mzunguko uleule wa walinzi, Oktoba mwishoni, hapo ndo wasiwasi uanze.

Na waangalie wa akiba

Huyu wa akiba ndiye anayenionyesha kocha kuliko nyota. Nyota anaweza kuwa alizaliwa hivyo. Wa akiba akiingia na hatua yake ya kwanza ni ileile, mikono ileile, anampokea mtu kutoka kwa jirani bila kubabaika, basi chumba kizima kinafundishwa.

Rudolph alipata mtihani huo mwaka wake wa pili. Tekeli wote wawili walikuwa wameondoka, Joe Alt namba 5 kwenye drafti ya 2024 na Blake Fisher raundi ya pili. Charles Jagusah aliyetegemewa kushika kushoto akaumia msuli wa kifua kambini Agosti. Akaanza Anthonie Knapp, kijana wa mwaka wa kwanza kabisa, mechi yake ya kwanza ya chuo ikiwa ugenini Texas A&M mbele ya watu zaidi ya 100,000. Wakashinda 23-13. Wiki iliyofuata wakafungwa nyumbani na Northern Illinois 16-14, afu senta Ashton Craig akaumia, Pat Coogan aliyekuwa gadi mwaka wa nyuma akahamia senta, na kutoka pale wakashinda mechi 13 mfululizo mpaka fainali ya taifa. Nusu fainali dhidi ya Penn State Knapp naye akaumia, na fainali Januari 2025 tekeli wa kushoto akawa Jagusah, yuleyule wa Agosti, karudi. Fainali walifungwa na Ohio State 34-23, lakini kocha anayefika pale kwa laini iliyoshonwa na kufumuliwa namna ile anajua kazi yake.

Kwa hiyo mechi ikishaamuliwa robo ya nne, timu inaongoza kwa pointi 30 na watu wanaanza kuzima, wewe usizime. Ndo wanaingia wale watano wa pili. Chukua ile karatasi yako, andika majina yao, na tazama hatua zao za kwanza.